Ngalula na Nyumba ya Kiingereza

Ukienda soko la Mantapala, makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Zambia, asubuhi ukitaka kumpata Ngalula, huna haja ya kuuliza. Simama tu karibu na wauza chumvi, utege sikio. Mungu alimpa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila yeye mwenyewe kuinua kichwa, naye hakuona sababu ya kuiweka akiba. Anauza chisense, dagaa wadogo wa ziwa Mweru ambao Wakongomani wenzake huwaita fretins, na kila mnunuzi ana neno lake. Mzambia hupokewa kwa Kibemba cha sokoni. Mkongomani hupokewa kwa Kiswahili cha Pweto, pamoja na habari za jamaa zake wote, hata wale ambao hakutaka kuwasikia. Na akipita mtu wa shirika, mwenye beji kifuani, Ngalula humtolea Kiingereza chake chote, ambacho hakijazi kiganja: "Customer, come! Good fish! I add you!" Mwenye beji hucheka, na akishacheka hununua.

Mume wake, Gauthier, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Pweto, mwalimu kwelikweli, wa suruali yenye mkunjo na chaki mfukoni. Vita ilipowafukuza, mwaka ule wa 2017, wakavuka mpaka na kupokewa Kenani, kambi ya muda upande wa Zambia, shahada zake zilivuka naye ndani ya mfuko wa plastiki. Zilifika kavu, lakini zote zilikuwa za Kifaransa, na upande huu Kifaransa hakinunui hata kibiriti. Basi mwalimu akashika jembe. Analima mihogo kwenye kipande cha ardhi walichogawiwa Mantapala, kwa mistari iliyonyooka utadhani aliichora kwa rula, na majirani humwita mwalimu kwa heshima tu. Jambo hilo humuuma, ingawa hasemi.

Walijaliwa mtoto mmoja aliyekaa, Débora, aliyezaliwa Kenani chini ya hema. Wawili waliomtangulia wamelala ng'ambo. Kwa hiyo mnaelewa kwamba Débora akikohoa, nyumba nzima hukohoa.

Chisense hukaushwa juu ya mchanga wa ufuo wa Kashikishi, ndiyo maana gunia halifiki Mantapala bila changarawe zake. Lazima wachambuliwe kabla ya kuuzwa, la sivyo mteja atavunja jino na kukuletea hilo jino sokoni. Kazi hiyo Ngalula aliifanya kila alasiri nyuma ya nyumba, juu ya mkeka, na Débora mbele yake. Mikono ilichambua, midomo ilisafiri. Ngalula alimsimulia mwanawe habari za bibi yake aliyebanika samaki pale Pweto, mahali ambapo ziwa hutoa mto. Alimsimulia habari za nonko, yaani mjomba wake, aliyenunua baiskeli kabla ya kujua kuipanda, akawa anaikokota kwenda kanisani kila Jumapili ili watu waione, akarudi anaikokota. Débora alikuwa na maswali kama nzi wa ziwani. Alitaka kujua baiskeli ilikuwa na rangi gani, na nonko alikuwa amevaa nini, na kwa nini hakumwomba mtu amfundishe.

Matata yalianzia shuleni. Huko watoto hufundishwa herufi kwa Kibemba, halafu Kiingereza kinafuata nyuma, na Débora, aliyekuja na Kiswahili mdomoni, aliketi katikati ya lugha hizo mbili. Katika muhula wa pili mwalimu wake, Madame Dorica, mwenyeji wa Mwansabombwe, akamwita baba. Akamwambia kwa upole kwamba mtoto hasomi, na sauti yake haisikiki darasani. Kama mwaka ukiisha bila kusoma, atabaki darasa lilelile wenzake wakipanda.

Gauthier alirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe.

"Mutoto ya mwalimu!" alisema, akizunguka uani. "Mutoto ya mwalimu anashindwa kusoma! Bantu batasema nini?"

Jioni hiyo, kabla ya kula bukari, ugali wa kwao, akatangaza. "Kuanzia leo, mu hii nyumba tutasema Anglais tu. Kiswahili, non. Kichwa ya mutoto iko na luga mingi, zinapigana. Tutafunga mulango ya moja."

"Na miye je?" Ngalula akauliza. "Mi nitasema na nini?"

"Utajifunza, Mama Débora. Uko na akili."

Kisha akatoa mfukoni kifuniko cha kopo la nyanya, amekitoboa tundu na kukitia kamba. Ngalula alikitambua kabla hajaambiwa, kwa kuwa watu wengi waliokaa darasani kule kwao wanakijua. Huitwa simboli. Atakayesikika akisema lugha ya nyumbani huvishwa shingoni, naye hukaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilohilo, na yule ambaye jioni inamkuta nacho, kesho yake huona cha mtema kuni. Gauthier mwenyewe alikivaa alipokuwa mdogo, enzi hizo kikiwa mfupa wa ng'ombe, na alipokuwa mwalimu akawavisha wengine. Kwa hesabu yake ndicho kilichompa Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichomfanya mtu. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alimpenda mwanawe, na alichukua dawa aliyonyweshwa yeye akamnywesha mtoto, bila kukumbuka ilivyokuwa chungu. Adhabu ya nyumbani aliifanya nyepesi: jioni ikikukuta nacho, utaosha vyungu peke yako.

Huna haja ya kupiga ramli kujua nani aliosha vyungu.

Siku ya kwanza ilikuwa na kicheko chake. Ngalula alipakua bukari, akasimama mbele ya mumewe kama yuko sokoni, akasema, "Customer, come. Good bukari. I add you?" Débora alianguka chali kwa kucheka. Hata Gauthier alilazimika kuuma mdomo. Halafu sufuria ikamchoma Ngalula kidole, akamwita Mungu wake kwa Kiswahili, na kifuniko kikamwingia shingoni. Baada ya hapo kicheko kikakauka. Mtu anaweza kuchekesha kwa maneno sita kwa siku mbili, tatu. Mwezi mzima hawezi.

Hivyo ndivyo mwanamke ambaye mdomo wake ulilisha nyumba alivyokuwa bubu ndani ya nyumba hiyo. Njiani kutoka sokoni alijisemea maneno yote aliyobaki nayo, ayamalize, na akifika mpaka wa ua wake ananyamaza. Kwenye mkeka wa nyuma dagaa walipita kati ya mikono minne bila neno. Débora huanza, "Mama, ule nonko..." kisha akatazama upande wa shamba, akafunga mdomo. "Stone," Ngalula husema, akionyesha jiwe, kwa sababu neno hilo alifundishwa. "Stone," Débora hurudia.  Utaelezaje habari za nonko na baiskeli yake ukiwa na jiwe tu na samaki mzuri?

Gauthier alipenda kusema, tangu siku za ualimu wake, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ngalula, ambaye samaki ni kazi yake, angeweza kumjibu kwamba hata mbichi ukimkunja kwa nguvu atapasuka. Lakini amjibu kwa lugha gani? Na wahenga haohao walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwalimu wetu alikuwa ameruka nusu ya kwanza, amekimbilia ulimwengu.

Msidhani Ngalula alinyamaza kwa kumwogopa mume. Gauthier hajawahi kumwinulia mkono. Alinyamaza kwa sababu ndani ya moyo wake alidhani mume ana haki. Yeye shule aliionja tu, mume aliila na akapakuliwa tena. Kama mwalimu anasema Kiswahili kinamzuia mtoto, basi huenda kweli, na huenda yeye mama, na mdomo wake wote huo, ndiye ugonjwa. Wazo hilo lilimuuma kuliko vyungu. Na chini yake lilikuwapo lingine, ambalo hakumwambia mtu: aliogopa Débora asisome, na aliogopa pia asome. Asiposoma, atabaki nyuma. Akisoma kwa njia hii ya babaye, atahamia ndani ya Kiingereza kama mtu anayehamia mji wa mbali, na mama hataweza kumfuata huko hata kumsalimia.

Siku moja Madame Dorica alikuja sokoni kununua dagaa. Alizungumza Kibemba chake taratibu, ili Ngalula amfuate.

"Bana Débora," alimwita, ndivyo Wabemba wanavyomheshimu mama kwa jina la mtoto, na baba huwa Bashi, "kila Ijumaa nawaita wazazi darasani. Bashi Débora alikuja. Wewe sijakuona."

Ngalula hakuwa na habari. Akaelezwa. Gauthier alifika amevaa koti, akawasomea watoto kwa Kiingereza ukurasa mzima kuhusu garimoshi. Watoto, ambao garimoshi hawajalionja kwa macho, walimsikiliza kwa adabu. Kisha akamwambia mwalimu kwamba mke wake hana Kiingereza.

"Nani aliuliza Kiingereza?" Madame Dorica akasema. "Mzazi anakuja na kazi yake. Anawaeleza watoto kwa lugha yake namna anavyoifanya, wanashika, wanauliza. Wakishaelewa, ndipo tunaandika pamoja kwa Kiingereza, na ndicho wanachosoma. Mtoto atasomaje neno ambalo ndani yake hamna kitu? Kiingereza ni kazi yangu. Kile cha kutia ndani ndicho nawaomba ninyi." Akasogea karibu. "Mwaka ulipoanza Débora alikuwa akinong'ona na wenzake. Sasa hata kunong'ona ameacha. Nyumbani kuna nini?"

Ngalula alitazama dagaa wake. Angesema nini? Kwamba mume wake, mtu wa heshima, anawavisha mabati? Mambo ya ndani hayaanikwi sokoni pamoja na samaki. "Hakuna kitu, Madame," akasema. Kisha akamwongezea mbasela, ile nyongeza ya bure, konzi moja, nyingine, na nyingine tena, mpaka mwalimu akavuta mfuko wake kwa aibu.

Alasiri hiyo alifunga biashara mapema, maana kichwa kilikuwa kizito. Alipokaribia akasikia mtu anaongea nyuma ya nyumba, harakaharaka, kwa Kiswahili cha Pweto kisicho na breki. Akadhani wamepata mgeni kutoka ng'ambo. Akazunguka. Hapakuwa na mgeni. Débora alikuwa peke yake juu ya mkeka, anachambua dagaa na kuwasimulia habari za nonko. Alikuwa amemwongezea nonko kofia, na mbuzi aliyepanda nyuma ya baiskeli. Na shingoni mwake kilining'inia kile kifuniko.

"Nani alikuvalisha hiyo?" Ngalula akauliza, na Kiswahili kikamtoka bila yeye kujua.

Débora hakushtuka. "Mi mwenyewe. Mutu akikwisha kuivaa, hawezi tena kukamatwa. Anasema tu." Akafikiri kidogo. "Sasa weye umesema, Mama, lakini simboli iko ku shingo yangu. Sema tu. Vyungu, nitaosha mi."

Ngalula akaketi pale alipokuwa, hata mkeka hakuufikia. Alilia, na hakujificha. Mtoto wa miaka saba alikuwa amepiga hesabu zake kimyakimya, akaona lugha ya mama yake inaweza kununuliwa kwa kuosha vyungu, akakubali bei. Wala hakuona ajabu. Alikuwa anangoja tu mama amalize kulia, asikie habari za mbuzi.

Akazisikia. Na wakati wa chakula Ngalula akasema wazi, kwa Kiswahili, "Ijumaa mi nitaenda ku masomo ya mutoto."

"In English," Gauthier akasema, bila kuinua macho.

"Ijumaa," Ngalula akarudia, kwa sauti ile ya sokoni ambayo ukuta wa matope hauizuii. "Mi. Masomo. Kwenda."

Gauthier akaweka tonge chini. Akaacha Kiingereza chake, maana jambo lilikuwa zito. "Batamuchekelea mutoto, Mama Débora. Batasema, mama yake hajui kitu. Unapenda bamucheke?"

Ngalula alijua maneno hayo yametokea wapi. Mwaka uliopita Gauthier alikwenda mjini Nchelenge kuulizia kazi ya kufundisha. Alikuwa amekipanga Kiingereza chake usiku kucha. Alipofungua mdomo, vijana waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hakumsimulia mtu. Lakini Ngalula alikuwa amemngoja nje, chini ya dirisha, na kapu lake, akasikia kila kitu, na yeye pia hakumsimulia mtu, hata Gauthier mwenyewe. Alimhurumia sana mumewe wakati huo, na alimhurumia tena sasa.

"Bakicheka," akasema polepole, "nitacheka na bo."

Ijumaa ilipofika alijitwisha beseni la dagaa wasiochambuliwa, mkeka mwingine kwapani, akamshika mtoto mkono. Njiani aliona Débora amevaa kifuniko juu ya yunifomu. Akajaribu kukivua. Mtoto akarudi nyuma. "Acha, Mama. Leo nitasema sana."

Darasani kulikuwa na wazazi wachache ukutani, Wazambia na Wakongomani, kila mmoja akitazama miguu yake. Ngalula akatandika mkeka katikati, akamwaga dagaa, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna kilichotoka. Watoto walimtazama. Alimwona Gauthier akilini mwake, kule Nchelenge, mbele ya vijana wale. Halafu kabinti kamoja nyuma kakasimama juu ya dawati kuchungulia samaki, na jambo hilo Ngalula alilijua: mteja akishachungulia, umekwisha kumshika.

"Mulishani!" akaita, akiwasalimu kwa Kibemba.

"Bwino!" darasa zima likaitika, na madirisha yakatetemeka.

Akawaita wazunguke mkeka. Akawaeleza kwa Kiswahili kwamba huku ndani kuna wezi, mawe madogo yanayojifanya samaki, na atakayemshika mwizi wa kwanza atapata zawadi. Nusu ya watoto walielewa, nusu wakakodoa macho. Ndipo Débora akasimama. Akawageukia wenzake, akawaeleza yote kwa Kibemba, kwa sauti kubwa, na mikono kiunoni. Ilikuwa sauti ya mama yake hasa, imetoka kwenye kifua kidogo. Madame Dorica, aliyekuwa anatafuta kalamu yake, aliacha kuitafuta. Tangu Januari alikuwa amemfundisha mtoto huyu, na sauti hiyo hakuwahi kuisikia.

Wakachambua. Wakauliza maswali, Débora akayapeleka na kurudisha majibu, kama mkalimani wa mahubiri aliyesimama kando ya mchungaji. Kisha mwalimu akabandika karatasi kubwa ukutani. Akauliza mama anafanya nini kwanza, halafu nini, na watoto wakamjibu kwa lugha waliyonayo, na kila jibu akalipa Kiingereza chake na kuliandika mbele ya macho yao. Akawasomesha akipitisha fimbo chini ya maneno. Débora aliyafuata kwa midomo, bila sauti, lakini macho yake yalitembea pamoja na fimbo.

Wakati mwalimu anamwandikia Débora maneno hayohayo kwenye karatasi ndogo apeleke nyumbani, akakiona kifuniko. Akadhani ni pambo. Akauliza kwa Kibemba, "Na hiki ni nini, Débora?"

Débora akajibu wazi, kwa lugha ileile, na darasa lote likasikia. "Ni cha mtu anayesema lugha ya mama yake."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiko. Wazazi wa ukutani wakaacha kutazama miguu yao. Ngalula alitamani ardhi imfunike, akageuza uso mlangoni, na mlangoni akamkuta Gauthier amesimama. Alikuwa ametoka shambani, jembe begani, matope magotini. Haikujulikana amefika saa ngapi. Lakini Kibemba cha kutosha anacho, na hilo alikuwa amelisikia. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka shingoni mwake mwenyewe, ukabaki pale. Kisha akageuka akaondoka.

Madame Dorica hakusema neno la kumfedhehesha mtu. Alikivua kifuniko, akakiweka mezani, akamwambia Débora kwamba hapa hakihitajiki.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Débora aliruka mbele na karatasi yake, Ngalula alifuata na hofu yake. Alipanga maneno. Angesema, Papa Débora, sikupenda uaibike. Akayavunja. Angesema, Papa Débora, uliniua mdomo ndani ya nyumba yangu. Akayavunja hayo pia. Alijua mtu aliyechekwa mara moja na wageni, na leo amevuliwa nguo na mwanawe, anaweza kufanya lolote. Anaweza hata kusema mtoto hatakwenda tena shule ile, na maneno ya mwanamume mwenye aibu ni magumu kuyarudisha.

Walimkuta nyuma ya nyumba. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, na mwalimu Gauthier alikuwa ameketi juu ya mkeka, mchana kweupe, majirani wakipita na kutazama, anachambua dagaa. Hakuwahi kuigusa kazi hiyo tangu waoane. Aliwachambua vibaya sana. Aliwapanga samaki mmoja mmoja, vichwa upande mmoja, kama anayesahihisha mitihani, na mawe yote akayaacha humohumo.

Hakumtazama mkewe. Alimtazama mtoto.

"Débora, mutoto yangu," akasema kwa Kiswahili. "Kuya unionyeshe. Mama anafanyaka namna gani?"

 Furaha ya njiani ilimtoka Débora usoni. Mkono wake ukaenda kifuani kutafuta kifuniko, haukukikuta, na sasa hakujua kama ana ruhusa. Akamtazama mama. Akamtazama baba. Midomo akaifunga kabisa, ikawa mstari.

Gauthier akaliona hilo. Ngalula alimwona akiliona, na moyo ukamuuma kwa ajili yao wote wawili, maana hata angekuwa amehukumiwa na baraza zima la kambi, hakuna hukumu ambayo ingemfika kama ule mdomo uliofungwa. Macho ya mwalimu yalijaa maji. Hakurudia swali. Hakusema "sema tu" wala "usiogope." Akangoja, mikono ikiwa juu ya magoti yenye matope. Ngalula alitaka sana kuujaza ukimya ule. Kujaza ukimya ndiyo kazi yake, angeweza kuumaliza kwa neno moja. Akauma ulimi wake, akawaachia.

Hatimaye Débora akapiga magoti pembeni mwa mkeka. Akafungua karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Take," akasoma. Kidole kikasogea. "Out. The. Stones."

Hakuna mzazi aliyewahi kumsikia mtoto huyo akisoma. Gauthier, ambaye miaka mingi alilipwa kwa kuwasikiliza watoto wakisoma, alibaki amekaa tu. Débora akainua macho. Akaona baba yake hajafanya chochote. Akadhani labda hakuelewa.

"Papa," akamwambia polepole, kwa Kiswahili, kwa huruma ya mtu anayemfundisha mgeni, "toa mawe."

Gauthier akainamisha kichwa, akaanza kutoa mawe. Débora akamwangalia mpaka alipodhani amemaliza, akaona bado kuna moja, akamwonyesha kwa kidole. Alipolitoa, akasoma mstari wa pili.